Ombi Alilolivuruga Pastor Bethwel

Mimi simlaumu Mungu. Mungu alisikia kile alichoambiwa. Wa kulaumiwa ni Pastor Bethwel na huo ulimi wake.

Msichana wangu Akello ni nesi. Mwaka wa pili huu yuko Sudan Kusini na misheni ya kanisa letu, kwa kambi ya watu waliokimbia vita. Anazalisha akina mama, anachanja watoto, na risasi zikianza kulia anaingia chini ya meza na wagonjwa wake. Hiyo ya meza hakuniambia mimi. Alikuja likizo hii, nikamsikia akimsimulia rafiki yake kwa simu, tena akicheka! Nilikuwa nachuja chai, nikajimwagia mkono mzima.

Nikasema hapana, sasa imetosha. Kwani huku kwetu watu hawaugui? Si hata Longisa kuna hospitali kubwa, afanye kazi huko, Jumamosi aje nimwone? Lakini kumwambia mwenyewe nilishindwa. Mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani. Kila Jumapili ninasimama mbele na kuomba, Bwana, tuma watenda kazi. Ningegeukaje niseme, tuma, lakini watoto wa wenyewe, si wangu?

Basi nikapitia kwa pastor. Nilimvuta kando kabla ya ibada.

"Pastor, nina ombi moja tu. Muombee Akello abaki."

"Apaki," akaitikia. "Hiyo ni ndogo, Mama Akello."

Sasa, Pastor Bethwel ni Mkipsigis wa hapa hapa, na kwake b na p ni mapacha, anayetangulia kutoka ni sawa tu. Tumemzoea. Naye ametuzoea sisi Wajaluo wa ziwani tunaoenda "samba" badala ya shamba. Sikuwaza lolote. Akasimama mbele, akafunga macho, akanguruma:

"Pwana! Mtumishi wako Akello, apaki! Nasema apaki!"

Kanisa zima likajibu amina. Mimi ndiye niliyepiga amina kubwa kuliko wote.

Jumatatu jioni mlango ukagongwa. Ni Janefer, jirani yangu, amebeba miche ya sabuni.

"Tumesikia maombi ya jana," akasema. "Mtoto apaki, afunge mizigo arudi kazini, na hawezi kupaki mkono mtupu."

Kabla sijafungua mdomo, Opondo wa kiwandani akashusha mfuko wa sukari. Chemutai naye akaja na masweta ya watoto, yale mazito ya baridi yetu ya Kericho, eti yaende kwa jua la Sudan! Sebule ikajaa watu na mifuko mpaka nikakosa pa kukanyaga. Pastor alipoingia akitabasamu, nilimkamata koti.

"Pastor, nilisema abaki!"

"Na mimi si niliomba apaki?"

"Abaki! Akae! Asiende!"

Akatazama mifuko, akatazama watu, kisha akajishika kichwa. "Woi, mama."

Akello alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Akanishika mkono, akanipeleka jikoni.

"Mama, si ungeniambia mimi?"

"Ningekuambia nini? Ungenicheka tu, kama unavyocheka risasi."

"Ninacheka kwa sababu naogopa." Macho yake yakajaa maji. "Kuna akina mama kule wananingoja niwazalishe. Lakini mama yangu ni mmoja. Ukisema nibaki, nitabaki. Sema tu."

Jamani, neno lenyewe lilikuwa kwenye ulimi! Hapo ndipo Nyamoita akachungulia mlangoni na blanketi kwapani. Nyamoita ni Mkisii, tunachuma chai shamba moja, na maneno yake huwa ya kuhesabu.

"Mama Akello, sikai. Ule mwaka wa vita vya uchaguzi, nyumba yetu ilipochomwa, tulilala kanisani sakafuni. Msichana fulani wa msaada akaja, akanifunika na mtoto wangu. Jina lake sijui. Huwa najiuliza, mama yake alimwachiliaje aje mahali kama pale? Natamani kumshukuru huyo mama, lakini nitampata wapi?" Akaniwekea blanketi mikononi. "Basi nakushukuru wewe."

Akaenda zake, hata chai hakungoja.

Akello alikuwa bado ananitazama, anangoja jibu. Nampenda huyu mtoto, nampenda mpaka kifua kinauma, na siku hiyo kiliuma vibaya sana.

"Lete begi," nikamwambia.

Tukakunja blanketi, tukalisukuma ndani, lakini zipu ikakataa. Nikapanda juu ya begi, nikalikalia na mwili wangu wote, na hapo nikaangua kilio bila kujali nani yuko sebuleni. Akello akapiga magoti, naye analia, akaivuta zipu polepole mpaka ikafika mwisho.