Viatu Nyuma ya Friji

Veridiana alivua viatu mlangoni kwa dada yake, akavipanga kwenye zulia, kisha akapiga magoti palepale na kufungua mikono. Tangu wanatoka Louisville alikuwa akiomba jambo moja tu, midomo ikicheza bila sauti: Bwana, mtoto aje kifuani kwangu.

Jovini alikuwa amekaa sakafuni jikoni, akigonganisha vifuniko vya sufuria. Aliinua macho, akamtazama mama yake kama mtoto anavyomtazama mgeni wa kanisani, kisha akarudia vifuniko vyake. Hakulia. Hata kununa hakununa.

"Jovini, huyu nani?" Florida alimuuliza.

"Anti."

"Anti wapi! Huyu ni mama yako, aliyekuzaa."

"Mama ni wewe," mtoto alisema, wala hakugeuka.

Florida alicheka kwa aibu. Kwao mama mkubwa huitwa mama, kwa hiyo kosa halikuwepo. Hata hivyo Veridiana aliishusha mikono polepole, asijue aiweke wapi.

Mwaka ule wa 2015, baada ya Pasaka, mumewe Leopoldi alitangulia Buffalo kutafuta kazi na nyumba. Yeye akabaki Louisville, akapangiwa zamu ya usiku kwenye ghala, na hapakuwa na mtu wa kulala na mtoto. Florida, aliyekuwa akiishi Westerville, kaskazini mwa Columbus, akamwambia amlete. Akamleta. Alimlaza mchana, akamfunika kitenge alichokuwa amejifunga ili harufu yake ibaki, akatoka kwa ncha za vidole. Ndivyo mama yao alivyokuwa akiwaacha katika kambi ya wakimbizi ya Kibondo siku za foleni ya unga. Ndivyo alivyofanya kila mama waliyemjua. Mtoto asipokuona ukiondoka atalilia nini?

Sasa majani yalikuwa yanapukutika, Leopoldi ameshapata nyumba, na Veridiana alikuwa anaanza kazi kiwandani huko Buffalo Jumatatu. Karekezi, shemeji yake upande wa mumewe, ndiye aliyekuwa akiwaendesha mpaka Buffalo, na zamu yake mwenyewe huko ilikuwa usiku uleule.

"Shemeji, tusikae sana," alisema, akimalizia ndizi zake kwa haraka.

Wakati huo Jovini aliinuka, akaenda mlangoni, akachukua ndala za Florida na kuzikumbatia. Akapita katikati yao kama mtu mwenye shughuli zake, akazisukuma nyuma ya friji.

"Mmeona?" Florida alisema. "Ndiyo kazi yake. Vya kanisani, vya kazini, vyote viko huko. Hataki nitoke."

"Basi vyangu viko salama," Karekezi alisema. "Hana haja na mimi."

Veridiana alitazama zulia. Viatu vyake vilikuwa pale alipoviacha, sawasawa, havijaguswa.

"Dada, kile kitenge kiko wapi?"

Florida alianza kufuta meza iliyokwisha kufutwa. "Nilikificha. Kila siku alikuwa anakiburuta mpaka mlangoni, anakaa juu yake. Wiki za mwanzo alilia mpaka sauti ikakauka. Halafu akanyamaza."

"Kwenye simu uliniambia ametulia."

"Si alitulia? Ningekwambia vingine ungeacha kazi, Veri. Mngekula nini?"

Florida akashusha sauti. "Sikiliza. Saa nane analala. Tutambeba akiwa usingizini. Akija kuamka mmeshapita Cleveland, hana pa kurudi."

"Hapo umesema," Karekezi aliunga mkono.

Veridiana aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na wazo jingine.

Saa nane mtoto alisinzia kwenye kochi, vidole vimeshika sketi ya Florida. Florida alivibandua kimoja kimoja, huku akizuia pumzi. Karekezi akaenda kuwasha gari. Veridiana akaingiza mikono chini ya mwili ule mdogo, akauinua.

Alikuwa mzito kuliko alivyomwacha. Alikuwa na joto, ananuka sabuni ya nyumba ya watu. Kichwa kilimwangukia kifuani, palepale alipokuwa amekiombea. Veridiana akafika kizingitini na miguu ikagoma. Alichokiomba kilikuwa mikononi mwake, na mtoto hakuwa na habari.

"Veri, unaingiza baridi," Florida alinong'ona.

Alirudi, akakaa kwenye kochi na mtoto mapajani. "Tutasubiri aamke."

"Umerogwa?"

"Aamke, halafu umuage."

"Mimi?" Sauti ya Florida ilipanda, akaikamata njiani. "Nisimame nimtazame akilia? Mtoto niliyemwogesha, niliyemlisha? Unaniomba kitu ambacho wewe mwenyewe hukuthubutu!"

"Sikuthubutu, dada. Ndiyo maana viatu vyangu bado viko pale mlangoni, hakuvificha."

Florida aligeuka kutazama viatu vile. Akaingia bafuni na kujifungia. Maji ya bomba yakaanza kumwagika, yakaendelea kumwagika. Nje, honi ililia.

Karekezi akachungulia. "Shemeji, wewe! Nikikosa zamu leo wananifukuza."

"Nipe muda kidogo."

"Barabara haijui kidogo."

Veridiana alifumba macho. Hakupata maneno ya sala, akabaki kusema jina la Yesu tu, kwa kufuatana na pumzi ya mtoto.

Jovini aliamka. Alitazama kila upande, akateleza kutoka mapajani pasipo neno, akaenda jikoni, kisha chumbani, kisha mlango wa bafuni. Hakugonga. Alikaa chini, akaegemeza mgongo mlangoni, akasubiri. Mtoto wa miaka mitatu, amekaa kama mlinzi. Hata Karekezi aliinamisha uso.

Maji yakanyamaza. Florida alitoka, macho mekundu, akachuchumaa mbele yake.

"Jovini, mwanangu. Leo unaenda na Mama Veri, kwa baba. Mimi nabaki hapa. Nitakuja Krismasi kukuona."

Mtoto alimtazama mpaka alipoelewa. Kisha kelele ikatoka, kelele ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia kwa miezi. Alimng'ang'ania Florida shingoni, na Veridiana alipomchukua alimuuma kifundo cha mkono. Florida alikimbilia friji, akaingiza mkono nyuma, akatoa ndala moja.

"Shika. Ukae nayo. Nikija utanipa."

Njia nzima mpaka Cleveland gari lilikuwa kilio kitupu. "Tungembeba amelala," Karekezi alisema, macho barabarani, "saa hizi tungekuwa tunasikiliza kwaya." Mkono ulimuuma Veridiana, na aliuacha palepale karibu na mtoto, kama atautaka. Hakuutaka. Alilala na ndala.

Buffalo, Jovini alikula mkononi mwa baba yake. Ijumaa Veridiana alimwambia, "Mama anaenda dukani, atarudi," akaenda, akarudi. Mtoto hakuinua kichwa. Jumamosi vilevile. Jumapili alipotoka kutupa taka, alihisi macho mgongoni, lakini alipogeuka mtoto alikuwa anatazama dirisha.

Jumatatu asubuhi alitafuta buti zake za kazini. Chini ya kitanda, hazipo. Kabatini, hazipo.

"Baba Jovini, umehamisha buti zangu?"

"Nihamishe niende nazo wapi?" Leopoldi, ambaye zamu yake ilikuwa usiku, alitoka chumbani akijikuna. "Vaa raba uende. Basi halingoji mtu."

"Kiwandani hawaniruhusu na raba. Ni siku ya kwanza!"

Alipoingia jikoni alimwona Jovini. Amesimama, mgongo umebanwa kwenye friji, mikono nyuma, kidevu juu. Kando yake, katika mwanya kati ya friji na ukuta, ilichungulia ndala ya Florida, na juu ya ndala, kamba ya buti.

Veridiana alishika ukingo wa meza.

Leopoldi aliona pia. Akamsogelea mkewe, akamnong'oneza, "Ngoja nimwashie katuni. Akigeuka tu, wewe chomoka."

"Hapana."

"Utachelewa!"

"Nitakimbia."

Alizitoa buti, akakaa sakafuni mbele ya mwanawe, akavaa moja, akafunga kamba, akavaa ya pili, akafunga kamba, mtoto akiyaona yote.

"Mama anaenda kazini. Jioni, ukiwa bado hujamaliza ugali, utanisikia mlangoni."

Uso wa Jovini ukakunjamana. Alirukia mguu wake, akaukumbatia kwa mikono miwili, na kilio kikatoka na neno ndani yake.

"Mama! Usiende! Mama!"

Alimwinamia, akambusu utosini, akamwacha amlilie shingoni. Kisha akambandua, akamkabidhi baba yake, akafungua mlango. Kilio kilimfuata kwenye ngazi, kikipanda. Veridiana hakutembea kwa ncha za vidole. Alishuka akikanyaga kwa kishindo, ngazi baada ya ngazi, ili mtoto asikie kila hatua.