Ruta ya Ubwari

Kulthumu alikuwa fundi wa mtandao pale Baraka, na mumewe Rashidi alitunza mnara wa simu wa Ubwari, ng'ambo ya maji. Juma zima Rashidi hakumpigia. Kisha Mama Pulchérie, mchuuzi wa samaki wadogo wa ndagala, akashuka kwenye boti ya kutoka Ubwari na ujumbe.

"Bwana yako anasema réseau ya kule ilikufa. Ndiyo maana hapigi."

Kulthumu alikwenda bureau, ofisini kwake, kutafuta ubovu wa mtandao. Aliingia kwenye ruta, mashine inayoelekeza mawasiliano ya mtandao, akaandika amri ya kuiambia ionyeshe ruta zote inazozijua na njia zinazoziunganisha. Ruta ikiacha kujitangaza, baada ya muda hufutika kwenye orodha hiyo. Ubwari ilikuwemo. Ilikuwa imejitangaza dakika chache tu zilizopita, na njia yake hadi Baraka ilikuwa nzima.

Alitamani sana angekuta ubovu, maana ubovu angejua kuutengeneza.

Akampigia Rashidi kwa mtandao huohuo. Simu iliita hadi ikanyamaza.

Alimkuta Mama Pulchérie ufukoni akijiandaa kurudi.

"Nimuambie nini?"

"Umuambie réseau imepona," Kulthumu alisema, kisha akaenda nyumbani kusonga bugali ya mtu mmoja.