Kompyuta Iliyokataa Kuzimwa

Mwenzangu mwenye kompyuta na mwenye mtoto anayeijua kuliko wewe, soma haya kabla hujagusa waya.

Mama mmoja, fundi cherehani, alipewa kazi ya sare za watoto arobaini wa kwaya ya shule. Aliwapima siku ya kufunga shule, akaandika vipimo kwa chaki juu ya meza ya kukatia kama alivyozoea, akaviingiza kwenye kompyuta, kisha akaifuta meza kwa kitambaa kibichi. Watoto wakatawanyika likizo.

Bintiye, fundi wa kompyuta, akakaa pale pale kubadilisha programu zinazoiwasha na kuizima mashine.

"Unabadilisha bila kuizima?"

"Ndiyo, mama. Inabadilishwa huku inafanya kazi."

"Kama kumtia mtu kiraka cha suruali huku anatembea."

"Hivyo hivyo. Imebaki hatua moja, ila mteja ananiita. Usiizime mpaka nirudi."

Saa ya chakula ikafika. Mama hafungi duka kompyuta ikiwaka. Tena binti aliipanga mashine hivi kwamba kuizima ndiko kunakohifadhi kazi ya siku. Mkono ukaenda wenyewe, akaandika amri ya kuzima. Kimya. Akaandika tena. Kimya. Akapiga simu.

"Si nilikwambia, mama? Programu mpya iko kwenye diski, lakini inayoendesha mashine sasa ni ile ya zamani. Amri mpya inabisha hodi, programu ya zamani haiielewi."

"Kwa hiyo ziko mbili?"

"Inayofanya kazi ni moja."

"Ipi? Mpya imelala?"

"Mama, acha tu. Nakuja."

Shemeji yake mama, mpiga pasi wa pale dukani, hakuinua hata kichwa. "Kitu kikikataa kwa upole, shemeji, chomoa waya. Mbona pasi yangu haina maneno?"

Mama akachomoa.

Binti aliporudi, mashine iliwaka vizuri, programu mpya ikafanya kazi bila kigugumizi. Hapo ndipo mama alipozidi kuchanganyikiwa: kama imepona, vipimo vimekwenda wapi? Binti akatafuta, akatafuta, akasema havikuhifadhiwa, maana mashine haikuzimwa, ilichomolewa.

Kesho yake mama alibeba futi yake akaanza kugonga nyumba za watu. Wengi walishasafiri. Katika nyumba ya nne akampata msichana mwembamba, akamzungushia futi kifuani.

"Mama fundi," akauliza yule mtoto, "kwani nimekua tangu jana?"