Kisanduku cha Kukanyaga

Fredrick alipoingia kanisani na kile kisanduku chake, hakusalimia mtu kwanza. Alikipangusa kwa pindo la shati, akakiweka sakafuni mbele ya amplifaya yangu, halafu akatazama huku na huku kuona kama tumemwona. Tulikuwa tumemwona. Kisanduku kilikuwa cha chuma, cha rangi ya machungwa, kikubwa kama mche wa sabuni uliokatwa nusu. Juu yake kulikuwa na vitufe vitatu vya kuzungusha na mahali pa kukanyagia.

"Mwadila, mzee," akanisalimu hatimaye kwa Kisukuma.

"Mwadila. Hicho nini? Umetuletea mtego wa panya?"

Waimbaji wakacheka. Fredrick hakucheka. Ni mtoto wa hapa hapa Bariadi, lakini alikuwa amepiga gitaa miaka miwili katika bendi moja ya Mwanza, na sasa alitembea kati yetu kama mtu aliyetumwa kutukagua.

"Ni pedali, mzee. Gitaa linaingia huku, linatokea huku, linakwenda kwenye amplifaya. Ukikanyaga, sauti inakwaruza. Ukikanyaga tena, inarudi safi. Huhitaji kutesa watu masikio."

Hapo alikuwa ananisema mimi.

Nilikuwa nimepiga gitaa la solo katika kwaya yetu kwa miaka kumi na mmoja. Amplifaya tuliachiwa na bruda mmoja wa misheni aliyerudi kwao. Ni nzito kama gunia la pamba, na ndani yake mna taa za kioo zinazowaka nyekundu kama makaa. Ukizungusha volumu yake mpaka tatu, gitaa linatoka safi. Ukiizungusha mpaka nane, zile taa zinaelemewa, na gitaa linaanza kunguruma. Mngurumo huo unafuata mkono. Ukigusa waya taratibu, unatulia. Ukichapa, unapanda. Ni kweli kwamba ikifika nane akina mama wa sauti ya kwanza hawasikii sauti zao, na siku moja padre aliniletea karatasi katikati ya misa imeandikwa "Punguza." Lakini mimi niliona mtu anayezidiwa na gitaa moja hajala asubuhi.

"Kijana," nikamwambia Fredrick, "mimi ni seremala. Najua mninga, na najua ubao wa bei chee uliopakwa rangi ya mninga. Hicho kisanduku chako ni kopo la rangi."

"Na wewe mzee unachinja ng'ombe ili upate maziwa."

"Na wewe unakamua bati!" akadakia Shija, mpiga ngoma wetu, mtu ambaye hajawahi kuacha mzaha upite bila kuupanda.

Mama Milembe, mwenyekiti wa kwaya, akapiga makofi mawili. "Basi. Fredrick, tupigie tusikie."

Fredrick akachukua gitaa la kwaya mikononi mwangu bila kuniomba, akaishusha amplifaya mpaka mbili, akakanyaga. Lo! Sauti ilikwaruza vizuri, ndogo, imekaa mahali pake, na juu yake nikasikia kila neno la waimbaji. Miaka kumi na mmoja sikuwahi kusikia maneno ya ubeti wa pili wa wimbo ule. Nilikunja uso. Nikasema inalia kama nyuki kwenye debe. Na kweli haikufuata mkono: aguse taratibu, achape, ilitoka ileile. Lakini niliona akina mama wanavyotazamana, wamefurahi.

Mazoezi yalipokwisha Mama Milembe aliniita pembeni. Huwa ananiita kwa jina la binti yangu wa kwanza.

"Baba Minza, kwenye tamasha la Lagangabilili gitaa atapiga Fredrick. Wewe utatusaidia kubeba amplifaya. Unaijua namna ya kuishika."

"Mayu, mama yangu, kubeba?"

"Kubeba."

Lazima nieleze Lagangabilili kulikuwa na nini. Kila mwaka kwaya za parokia hukutana huko, na barua ya mwaliko husema ni tamasha, hakuna mashindano. Barua hiyo huandikwa na mtu ambaye hakuzaliwa huku. Sisi tumekulia kwenye ngoma za Bagika na Bagalu, ambapo vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kimoja huku na kingine kule, na watu huhama kwa miguu yao kwenda kwa anayewafurahisha. Anayebaki na watu ndiye mshindi. Kwaya zetu hufanya vivyo hivyo, zinaimba mbili mbili uwanja mmoja, na katikati hufungwa dume la ng'ombe, zawadi ya mshindi, ambalo barua hailitaji kamwe. Mpiga solo ndiye anayewaita watu. Mimi ndiye niliyekuwa nawaita, tangu nikiwa na nywele nyeusi. Nje ya gitaa lile mimi ni fundi wa meza na vitanda ambaye watu hukumbuka jina lake meza ikivunjika.

Katika ngoma zile za zamani, manju, yule anayeongoza ngoma, akiwa na akili hakuja uwanjani mikono mitupu. Alifukia dawa chini, akasimama juu yake na kuikanyaga huku akiimba, ili aliyekuja kutazama asiweze kuondoka. Kila mtu huku anajua habari hiyo, hata asiyeiamini. Kwa hiyo Shija aliposema, tukiwa tunafunga mlango wa kanisa, "Babu yangu naye alikuwa na yake ya kukanyaga, ila haikuwa na betri," watu walicheka, lakini wengine walicheka kidogo.

Jumatano akina mama wawili walikataa kusimama karibu na kisanduku. Ijumaa mmoja alisema mguu wake wa kushoto unawaka moto tangu siku ile. Jumapili baada ya misa hadithi ilikuwa imekamilika: Fredrick alipewa kitu Mwanza, amekifungia ndani ya chuma, na ndiyo maana kwaya ilimpenda kwa siku moja.

Nilisikia yote hayo nikapiga kimya. Niliwadharau wale waliosema, nikaona raha kwamba wanasema.

Mama Milembe akaita kikao. Fredrick alikaa upande mmoja amekumbatia kisanduku chake, amekunja mdomo.

"Baba Minza," akasema Mama Milembe, "wewe unasoma umeme. Kila jioni tunakuona na madaftari. Tuambie, ndani ya kitu hiki mna nini?"

Nilijua mna nini. Ni kweli nasoma masomo ya jioni, nimekaa na vijana wanaoniita babu. Mwalimu alikwisha kutuchorea ubaoni wimbi la sauti: likizidishwa nguvu kupita kiasi, vilele vyake vinakatwa, na kule kukatwa ndiko kunakokwaruza. Amplifaya yangu hukata kwa kuelemea zile taa. Pedali hukata kwa vipande viwili vidogo kama punje za mtama. Mwalimu alitupitishia vipande hivyo mkononi. Ningeweza kuyasema hayo kwa muda wa kunywa maji.

"Sijakifungua, Mayu," nikasema. "Siwezi kukisemea kitu ambacho sijakifungua."

Fredrick alinitazama. Alielewa palepale kwamba najua.

"Mzee, fungua basi. Bisibisi hii hapa."

"Si changu. Nikiharibu?"

"Unaona?" akasema mama mmoja nyuma. "Hata fundi anakiogopa."

Mama Milembe akamwambia Fredrick aache pedali nyumbani, au aache kwaya. Fredrick akasimama.

"Nikikaa na ninyi mwaka mmoja na mimi nitaanza kuogopa swichi za taa," akasema, akatoka na kisanduku chake kwapani. Kwa hiyo gitaa likarudi kwangu.

Jioni ile nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa kunirudishia nafasi yangu. Nilisema kwa sauti, kama ninavyosali siku zote, na nikasikia mwenyewe nilichokuwa nikishukuru. Mganga angedai mbuzi kwa kazi niliyoifanya pale kikaoni, mimi niliifanya bure, tena nikiwa na rozari mfukoni. Nilianza Baba Yetu mara tatu, na mara tatu sikufika mwisho. Basi nikaacha. Nikajiambia Mungu ana mambo makubwa zaidi ya gitaa, nikaenda kunyoosha shati la tamasha.

Lagangabilili jua lilikuwa kali. Tulipangiwa na kwaya ya Kiloleli, wao upande wa miti ya michongoma, sisi upande wa jenereta, na dume la kahawia katikati, linatazama watu kwa dharau. Fredrick naye alikuja. Alikaa juu ya pikipiki nyuma ya watu wetu, begi mgongoni, anatafuna muwa, anasubiri tushindwe.

Hatukushindwa. Uwanja wa wazi haukuwa kanisa. Niliizungusha amplifaya mpaka tisa, nikachapa, na mngurumo ukaruka juu ya vichwa vya Kiloleli. Katikati ya wimbo wa kwanza watu walianza kuhama. Walikuja kumi, wakaja thelathini, watoto wakikimbia mbele. Mpiga kinanda wa Kiloleli aligeuka kutazama nani anamwibia watu. Nilijisikia mkubwa. Nilimtafuta Fredrick kwa macho, nikampigia noti mbili za dharau.

Wimbo ulipokwisha Mama Milembe akashika kipaza sauti. Alifurahi kupita kiasi, na mtu aliyefurahi hivyo asipewe kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mnaona Mungu alivyo! Kwaya yetu ilikuwa imeingiliwa. Kijana mmoja alituletea dawa ya kukanyaga ndani ya chuma. Tukaikataa! Fundi wetu wa umeme mwenyewe aliogopa kuigusa. Na kijana yuko pale, pale kwenye pikipiki, amekuja kutuharibia!"

Watu mia mbili waligeuka. Waliokuwa karibu na pikipiki walirudi nyuma, ila vijana watatu walisogea mbele, na mmoja akaushika usukani. Fredrick aliacha kutafuna. Hakuwa tena mkaguzi kutoka Mwanza. Alikuwa mtoto wa jirani, na mama yake anauza dagaa soko lilelile ninaponunua misumari. Kesho asingeuza hata fungu moja.

"Fungua begi!" akapaza mtu.

Nikamnyang'anya Mama Milembe kipaza sauti. Nasema kumnyang'anya, maana hakunipa.

"Hamna dawa," nikasema. "Mna betri moja, na vipande viwili kama punje za mtama. Nilijua tangu siku ile. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka gitaa hili. Mwachieni kijana."

Hakuna aliyeniamini. Ndivyo ilivyo ukisema uongo vizuri. Shija akacheka peke yake, halafu akaacha.

"Fredrick, lete," nikasema.

Alikuja, macho makavu, akaitoa pedali. Nilivua viatu, nikavua na soksi, ili asiwepo wa kusema ngozi ya kiatu ilinikinga. Niliunganisha waya. Amplifaya niliishusha mpaka sita, mahali ambapo taa huanza tu kuelemewa, kwa sababu sikupenda kupiga kama yeye. Nikafanya ishara ya msalaba, nikakanyaga kwa mguu mtupu.

Sitaki kusifu. Lakini pedali iliisukuma amplifaya kwa nyuma, na zile taa zikapokea, na sauti niliyoitafuta miaka kumi na mmoja ikatoka. Ilikuwa nene. Ilifuata mkono. Nilipogusa taratibu ilinong'ona, nilipochapa ilipanda bila kumziba mtu mdomo. Miaka yote nilikuwa nikibishana na nusu ya kitu. Nilipiga ubeti mzima, nikitamani iwe mbaya.

Nilipoinua kichwa, uwanja wetu ulikuwa mtupu. Wakati tunabishana Kiloleli hawakuacha kuimba, na watu hawakuja kutusikiliza tukiungama. Walikuwa wote kwenye michongoma. Vijana watatu nao walikwenda, maana pikipiki isiyo na uchawi haina la kutazama. Walibaki Shija, akina mama, na bibi mmoja aliyekuwa akinitazama mguu aone kama utavimba. Dume lilifunguliwa likaelekea Kiloleli.

Mama Milembe hakupaza sauti. Hiyo ndiyo namna yake ya kukasirika.

"Umetufanya wajinga mara mbili, baba Minza. Kikaoni, na hapa mbele ya watu."

"Ndiyo, Mayu."

"Gitaa mpe Fredrick."

Nilijua itakuwa hivyo tangu niliposhika kipaza sauti. Hata hivyo mkono haukutaka kuachia. Fredrick alilichukua, akaupitisha mkanda begani, akaurefusha kwa sababu ni mrefu kuliko mimi. Nilidhani atasema neno. Alisema.

"Mzee, kitufe cha katikati usikifungue chote. Kinazomea."

"Sawa."

"Na umenijazia vumbi."

Akapiga goti, akaifuta pedali kwa kitambaa, mahali pa unyayo wangu, taratibu, mpaka vumbi likaisha. Volumu ya amplifaya aliiacha palepale nilipoiweka.

Shija akaita wimbo wa pili. Mimi nikaokota viatu vyangu, nikaenda kusimama mstari wa nyuma na wanaume wa besi. Hakuna aliyesogea kunipa nafasi. Nilisimama pembeni kabisa, nje kidogo ya mstari, na Fredrick alipoanza nikafungua mdomo. Sauti ya besi siijui. Nilianza mapema mno, na mzee aliyekuwa jirani yangu akanipiga kiwiko nisubiri.