Jina la Tumbili

Tumbili alimng'ata mkono wa kulia, kwenye nyama iliyo chini ya kidole gumba, na hakuachia. Elinipendo hakupiga kelele. Kelele zingewatia kiwewe wengine wote vizimbani, na wakianza wao, jengo zima lingelia. Akauma midomo, akaminya taya la mnyama kwa mkono wa kushoto mpaka meno yakaachana, akamrudisha kizimbani na kukomea mlango. Ndipo akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, damu ikimdondokea kwenye buti za mpira.

Hakumlaumu. Tumbili yule alikuwa ametoka kufunguliwa kwenye ubao alikolazwa tangu wiki iliyopita, kichwa chini miguu juu, amekazwa mikanda kifuani na nyongani. Ndiyo iliyokuwa kazi ya kituo kile cha utafiti kilichoko mlimani, juu ya mji wa Sanya Juu: damu ya mnyama ikimbilie kichwani, mifupa ya miguu isahau kubeba mwili, ili wataalamu wa ng'ambo wajue mwanaanga anaharibika vipi akikaa huko ambako mwili hauna uzito. Wataalamu walimpa namba. Elinipendo, aliyekuwa akimlisha ndizi mbivu kijiko kwa kijiko akiwa amelazwa vile, alimwita Manka, jina ambalo Wachagga huwapa mabinti zao.

Kornel, daktari wa mifugo wa kituo, alimwosha kidonda kwa dawa ileile ya wanyama.

"Mama Loveness, hapa ni hospitali leo hii," alisema kwa sauti ya chini. "Jino la tumbili si la kuchezea. Ila ngoja kwanza nimwambie mkubwa."

Mkubwa alikuwa Daktari Godwin, mkurugenzi, mzaliwa wa Machame aliyesoma ng'ambo akarudi. Hakuwa mkali. Akikutana na Elinipendo alimuuliza hali ya migomba na afya ya mumewe. Siku hiyo alimngojea ukumbi wa mapokezi, penye picha kubwa za wanyama waliomtangulia binadamu angani. Alikuwapo Laika, mbwa aliyeokotwa mitaani Moscow, Warusi wakamrusha. Alikuwapo Ham, sokwe aliyekamatwa akiwa mdogo Kameruni, Wamarekani wakamfundisha kuvuta vyuma. Akikosea, anapigwa shoti ya umeme nyayoni. Vioo vya picha hizo Elinipendo ndiye aliyevifuta kila asubuhi. Wiki yake ya kwanza kazini alikuwa ameuliza kama yule mbwa alirudi, na Daktari alimjibu bila kufikiri, "Hapakuwa na mpango wa kumrudisha."

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Pole sana, Mama Loveness. Nimeambiwa."

"Naomba ruhusa niende hospitali."

"Utakwenda. Nani kasema huendi?" Akaitazama bandeji, nyekundu tayari. "Ila nikueleze kama dada yangu. Ukifika pale ukasema umeng'atwa na tumbili wa utafiti, lazima waripoti. Wakiripoti, wakaguzi watakuja kutufungia. Na wafadhili wanashuka uwanja wa ndege Jumatatu. Hapa kijijini watu wangapi wanakula kwa sababu ya kituo hiki?"

"Wengi, Daktari."

"Unaona? Kuna chumba kule nyuma, pumzika. Kornel atakuchoma sindano. Wageni wakiondoka, nitakupeleka mwenyewe, kwa gari langu."

"Na mkono ukivimba?"

"Kwani ni lazima uvimbe?"

Mkono ulivimba. Chumba kilipakana na vizimba, na mlango ulifungwa kwa nje. Kwa usalama, walisema. Mumewe, Eliamini, alifika getini mara mbili. Zamani alikuwa mgumu, akiwabebea watalii mizigo mlimani mpaka magoti yakamkataa, na kukipanda kilima cha kituo kwake ilikuwa adhabu. Mlinzi alimwambia mkewe ana kazi maalumu, simu haziruhusiwi. Eliamini akaacha chupa ya mtori, supu ya ndizi na nyama, akateremka. Mtori haukufika.

Wafadhili walipokuja, Elinipendo alisikia Kiingereza chao ukutani, kisha vicheko, kisha kimya kirefu, akajua wamefika kwenye vizimba. Alitaka kugonga ukuta. Akawakumbuka hao wengi wanaokula kwa sababu ya kituo, baadhi yao ndugu zake wa kanisani, akaurudisha mkono mapajani. Kila jioni Kornel aliingia na bomba la sindano. Alichota damu ya Manka upande wa pili, kisha akaja kuchota yake. Hakuweza kumtazama usoni.

"Mwanangu," Elinipendo alimwambia, "vidole vimekuwa vyeusi."

"Naviona, Mama."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Amesema kesho."

Wageni walipoondoka, Daktari Godwin aliondoka nao kuwatembeza mbugani. Kornel ndiye aliyefungua mlango, akampigia Eliamini simu kwa siri. Walishuka mjini Moshi kwa bajaji, Elinipendo akiongea na marehemu mama yake njia nzima. Daktari wa zamu hospitalini alifungua bandeji mara moja tu, akaifunika.

"Mlikuwa wapi siku zote hizi?" aliuliza kwa hasira.

Eliamini akainamisha kichwa, kama kwamba ni yeye aliyechelewa.

Wakaukata mkono juu kidogo ya kiwiko. Alipozinduka, Kornel alipiga simu kumpa pole, na katika kumpa pole akamwambia kwamba Manka naye amekufa. Moyo ulimsimama akiwa amerudishwa ubaoni. Elinipendo alimlilia Manka kabla hajaulilia mkono. Mkono ulikuwa bado haujamwingia akilini.

Kituoni hakupokelewa. Yeye si mwajiriwa wetu, walisema, ni wa wakala wa usafi. Akaenda kwa wakala, Moshi mjini. Wakala akasema alimwajiri kufagia. Kulisha tumbili, nani alimtuma? Mtu wa kanisani akawaelekeza kwa wakili anayewatetea wanyonge, wakakubaliana kwenda kumwona Ijumaa.

Alhamisi, Daktari Godwin akaja. Hakuja peke yake. Alifuatana na Mzee Jacob, mkubwa wa ukoo wa Eliamini, na mkononi alishika jani la sale lililofungwa fundo. Uchaggani jani hilo halikataliwi. Anayeletewa sale akagoma kusamehe, kosa linahama, linakuwa lake, na watoto wake hurithi.

"Mkwe wetu," Mzee Jacob alianza, kabla hata kiti hakijapata joto, "mwenzetu huyu amekosa. Ameleta sale. Anaomba."

"Anaomba msamaha wa kosa gani?"

Mzee akakunja uso. "Ukiletewa sale huulizi kosa."

"Mama Loveness," Daktari aliingilia, taratibu, kwa Kimachame, kisha akarudi kwenye Kiswahili, "mambo haya yakifika kwa wakili, yanakuwa ya wakili. Tumalizane kikwetu."

"Kikwetu?" Eliamini alikuwa bado amesimama mlangoni, ameegemea fremu. "Kikwetu ulimfungia mke wangu chumbani kama mbuzi?"

"Eliamini!" Fimbo ya mzee iligonga sakafu. "Jani hili liliheshimiwa na babu zako. Unataka ukikutwa na msiba, nani akuchimbie kaburi?"

Huko nje ng'ombe alikohoa zizini. Eliamini alimtazama mkewe, akatazama migomba, akaketi.

Elinipendo alinyoosha mkono wa kulia, kwa mazoea. Daktari akaliona gutu likija kuelekea kwake, akageuzia macho kwenye kalenda ya kanisa ukutani. Ikabidi Mzee Jacob alitwae jani na kumwekea katika mkono wa kushoto, kisha akavikunja vidole vya Elinipendo kwa vidole vyake mwenyewe, mpaka vikafumba.

"Mungu awabariki," alisema Daktari, akainuka. Alipofika uani akageuka. "Samahani, kitu kidogo. Yule tumbili aliyekufa. Kornel anasema wewe ulikuwa na jina unalomwita?"

"La nini, Daktari?"

"Wafadhili wameguswa sana. Wanataka tumjengee sanamu pale kituoni. Sasa namba, unajua, kwenye jiwe haipendezi."

Angeweza kumpa jina lolote. Angeweza kunyamaza. Lakini hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye angelisema.

"Manka," alisema.

Sanamu ilizinduliwa baada ya masika. Kijiji kizima kilialikwa, na mjumbe alipita nyumba hadi nyumba kusisitiza kwamba wafadhili wangependa kuona wananchi. Elinipendo alikaa safu ya tatu na Eliamini, gutu amelifunika kwa kitenge cha bluu. Daktari Godwin alihutubia. Alimtaja Laika, alimtaja Ham, akasema kwamba leo Kilimanjaro nayo imetoa shujaa wake, aliyejitolea mwili ili binadamu afike mbali. Wakasimama wote kwa kimya cha dakika moja. Mzungu mmoja, mama wa makamo, alifuta machozi kwa kitambaa.

Kitambaa cheupe kikavutwa. Tumbili wa shaba alikuwa ameketi wima juu ya jiwe jeusi, anatazama mawinguni.

"Makofi kwa Manka!" alipaza sauti mshereheshaji, kijana aliyekodiwa kutoka mjini na kipaza sauti chake. "Sijasikia! Makofi, wananchi!"

Wananchi wakapiga. Macho ya kijana yakapita safu ya kwanza, ya pili, yakatua.

"Mama wa kitenge cha bluu! Nakuona! Mbona unatubania? Hujafurahi?"

Waliokuwa wakijua wakatazama chini. Wageni waligeuka, wakatabasamu, wakimngoja. Kamera ikamwelekea. Mzee Jacob, kule mbele, alikohoa mara moja.

Elinipendo akautoa mkono wa kushoto ndani ya kitenge, akaanza kujipiga paja.

"Hapo sawa, Mama!" kijana alicheka. "Lakini hatusikii! Ongeza! Ongeza!"

Akaongeza.