Mistari Kwenye Nguzo Nyeusi

Afisa usafirishaji hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimsimamisha dereva kando ya gari la mkurugenzi, akawasha taa ya simu na kuiinamisha pembeni ya nguzo nyeusi iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma.

"Unaona nini hapo?"

Dereva aliona. Gari lilipokuja, miezi saba nyuma, plastiki ile ilikuwa inang'aa kiasi kwamba mtu angeweza kunyoa ndevu mbele yake. Sasa ilikuwa imejaa vimistari vyembamba kama nywele, maelfu kwa maelfu. Nguzo za upande wa pili vilevile, na vifuniko vya vioo vya pembeni navyo hivyo hivyo.

"Mkurugenzi ameviona jana akishuka mbele ya wageni. Nataka maelezo ya maandishi kabla ya saa kumi. Kama ni yule mama anayeosha, sema ni yeye, tumwondoe leo leo. Kama ni wewe..." Akazima taa. "Lakini wewe nakujua. Si wewe."

Njia ilikuwa imeshafunguliwa, kilichobaki ni kupita tu. Dereva alikaa kwenye kibanda cha mlinzi akaandika mistari mitatu: kwamba mikwaruzo imetokana na uoshaji usio wa uangalifu. Akakunja karatasi, akaitia mfuko wa shati. Akainuka kwenda ghorofani, lakini miguu ikampeleka nyuma ya jengo, kwenye banda la mabati anakofanyia kazi mwoshaji, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Povu.

"Dereva! Umeleta gari au umejileta mwenyewe? Maana uso wako nao unahitaji maji."

"Mama Povu, sina utani leo."

"Najua. Mlinzi kashaniambia kuna karatasi." Alikausha mikono kwenye aproni. "Nikunje mabomba yangu sasa hivi au nimalizie hili gari?"

Dereva alimwomba tu aje aone. Mama Povu aliinama mbele ya nguzo, akaitazama kwa upande, jicho moja amelifumba.

"Mimi plastiki hii siifuti," alisema. "Kwanza namwaga maji, vumbi lote liende zake. Kisha kitambaa laini kilicholowa. Kukausha nakilaza tu juu yake, nakiinua, kama unavyomfuta mtoto machozi. Ukiifuta kavu na vumbi lake, hapo umeshapiga msasa." Akapitisha kidole hewani, karibu na nguzo bila kuigusa. "Sasa tazama. Juu chini, juu chini. Hata mmoja haujapinda. Wavulana wa mitaani wanafuta kwa mizunguko. Huyu ana mkono wa kazi huyu, tena kazi ya miaka."

Dereva aliinama karibu zaidi. Juu chini. Mkono ule aliujua.

"Unamjua," alisema Mama Povu. Hakuwa anauliza.

Baba mkwe wa dereva alikuwa amepaka rangi nyumba za watu kwa miaka arobaini, hadi alipoanguka na ngazi yake. Mguu ulipona, lakini hakuna aliyemwita tena kazini. Alihamia kwao, akalala ameelekea ukuta, chakula akikigusa kwa heshima tu. Kisha gari la mkurugenzi likaanza kulala uani kwao, na asubuhi moja walisikia kitambaa kikipita juu ya gari nje. Mke wa dereva alisimama dirishani akilia kwa furaha. Baba ameamka. Tangu siku hiyo mzee hakukosa hata alfajiri moja, na kila asubuhi dereva alimwambia, "Ahsante, Baba, gari linameta."

Mkurugenzi alikuwa kikaoni mpaka alasiri. Dereva alirudi nyumbani na gari. Mkewe alikuwa jikoni, akasikiliza hadithi yote huku mwiko umesimama mkononi.

"Yaani umwambie baba yangu ameharibu? Haya, mwambie. Halafu kesho umtoe kitandani wewe mwenyewe."

"Na yule mama wa watu afukuzwe?"

"Sijasema hivyo."

"Umesemaje sasa?"

"Sijui nimesemaje!" Akafunika sufuria kwa kishindo.

Fimbo ikagonga sakafu mlangoni. Mzee alikuwa amesimama pale, wala hakujifanya kwamba hakusikia.

"Shikamoo, Baba," dereva alisema.

"Marahaba. Gari liko nje?"

Walitoka. Dereva aliwasha taa ya simu akaiinamisha kama alivyofanya afisa. Mzee alitazama nguzo ya kwanza, akalizunguka gari, akatazama za upande wa pili. Hakuharakisha. Ndivyo alivyokuwa akikagua ukuta kabla ya kumwita mwenye nyumba. Mwisho akapitisha ukucha juu ya mstari mmoja.

"Nimelipiga msasa," alisema. "Kila siku. Na wewe kila siku unaniambia ahsante."

"Sikujua, Baba. Asubuhi huwa bado giza, na mimi natoka mbio..."

"Hukutazama." Alisema taratibu, bila hasira, na ndiyo maana maneno yalimchoma zaidi. "Karatasi gani hiyo mfukoni?"

Dereva aliitoa. Mzee aliisoma akiwa ameinyoosha mbali na macho.

"Huyu mwoshaji ana watu nyumbani?"

"Anao wanne."

"Basi andika jina langu."

"Baba, mimi siwezi kuliandika jina la mkwe wangu kwenye shitaka."

"La mama wa watu limekuwa jepesi?"

Mzee alimrudishia karatasi, akaingia ndani. Mlango wa chumba chake ukafungwa.

Dereva aliketi kizingitini akaandika upya. Aliandika kwamba gari limekuwa likifutwa kavu kila asubuhi nyumbani kwake, kwamba alikuwa akijua na kufurahia, kwamba dhamana ya gari ni yake na uzembe ni wake, na kwamba mwoshaji hahusiki kwa lolote. Jina la mzee hakulitaja. Alipomaliza, mkewe alikuja akasoma akiwa nyuma ya bega lake. Aliweka mkono pale begani, akauondoa.

Afisa alisoma mara mbili.

"Ungeweza kuandika vingine."

"Niliandika vingine. Karatasi hiyo nimeichana."

Afisa alitoa uamuzi hapo hapo. Onyo lingeingia kwenye jalada lake, na likija la pili, kazi hana. Mama Povu angebaki, na angejaribu kuipunguza ile mikwaruzo kwa dawa ya kung'arishia, ingawa iliyozama ingebaki. Na kuanzia leo gari lingelala ofisini. Dereva angelifuata kila siku, awe amefika saa kumi na mbili kasorobo.

Hilo la mwisho ndilo alilolibeba njia nzima akirudi kwa miguu. Onyo angeliweza. Lakini mzee angeamkia nini?

Alimkuta ameketi mlangoni, fimbo kati ya magoti. Mzee alimwona akija kwa miguu, akatazama nyuma yake, barabara tupu.

"Limebaki huko."

"Limebaki, Baba. Moja kwa moja."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Midomo ilimcheza, akaibana. Dereva alisimama pale, hajui aketi au apite. Ndani, mkewe alikuwa ameacha kuosha vyombo ili asikie.

"Wanakutaka kule saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasorobo."

"Kwa miguu." Mzee alihesabu kwa vidole, akapotea, akaanza tena. "Saa kumi na nusu uwe umeamka. Na wewe unalala kama gogo, binti yangu kashasema."

"Ni kweli, Baba."

"Nitakuamsha mimi," alisema mzee, macho bado barabarani. "Nitagonga mara moja tu. Usipoamka navuta mguu."

"Uvute, Baba," alisema dereva.