Mkono wa Kushoto wa Duma

Mume wangu alikuwa mkimbiaji, na watu walimwita Duma. Goti lilipomsaliti, daktari akamkataza mbio, naye akahamia kwenye kochi. Runinga aliitazama hata ikiwa imezimwa. Nilimpenda vilevile, lakini kuishi na mtu asiyecheka ni kazi, asikudanganye mtu.

Aliyemnasua ni mjomba wangu, fundi wa mageti na madirisha. Alimpeleka karakanani kwake akamfundisha kuchomelea. Mageti yalimchosha upesi. Macho yake yalikuwa kwenye rundo la vyuma chakavu, na kidogo kidogo akaunga cheni za baiskeli, springi na nati hadi akasimama mtu mzima wa chuma, anakimbia. Kocha wake wa zamani aliposikia, akasema atakuja kuiona sanamu hiyo. Akiipenda, itawekwa kwenye lango la uwanja wa mazoezi.

"Akiikataa, narudi kwenye kochi langu," mume wangu aliniambia. "Sishiki chuma tena."

Nikajua hatanii.

Siku yenyewe tulipofika karakanani, mjomba alitupokea meno yote nje, pimamaji yake ya kupimia unyoofu wa madirisha mkononi.

"Mkwe, nimekuokoa na aibu! Mkono wa kushoto ulikuwa umelala. Nimeupasha moto, nimeunyanyua, sasa uko sawa na wa kulia. Pima mwenyewe!"

Masikio yaliniwaka moto. "Mjomba, hilo ni dirisha?"

"Kwani nimekosea nini? Kitu kikipinda, si kinanyooshwa?"

Mume wangu aliugusa ule mkono, akarudi nyuma hatua moja. Nikaogopa. Kabla sijapata la kumwambia, kocha akaingia. Akaizunguka sanamu, akapapasa cheni za mapaja.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini ni nani huyu? Nimefundisha wakimbiaji wengi, huyu simjui."

Nilimwona mume wangu akiuangalia mlango. Usiondoke, baba, nilimwomba moyoni. Akaondoka kweli, lakini aliishia kwenye mtungi wa gesi. Akawasha moto, akaupasha ule mkono hadi ukawa mwekundu, akaushusha taratibu kwa koleo, huku mjomba akiguna kana kwamba anachomwa yeye.

Mume wangu aliposogea pembeni, kocha alikuwa ametoa macho. Kisha akafoka kwa sauti ile niliyoizoea uwanjani tangu enzi za uchumba wetu:

"Duma! Mkono! Inua huo mkono!"

Halafu akajiziba mdomo. Miaka yote alimpigia kelele kwa ajili ya mkono huo unaoning'inia, na hakufua dafu. Mume wangu alicheka hadi akalishika goti lake bovu. Mimi nililia, wala sioni haya kusema.

Sasa sanamu iko langoni, na kocha hapiti bila kuikaripia. Kochi nimempa mjomba. Maskini, kule karakanani alikuwa akikalia ndoo.